Masomo huria ya mtandaoni: tutarajie nini kabla ya kujiandikisha?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ijumaa moja baada ya swala, katika msikiti mmoja wa Mbagala, alitujia kijana anayeendesha bodaboda maeneo ya Rangi Tatu. Aliketi pembeni mpaka watu wakapungua, kisha akasema, "Sheikh, nina suala, lakini naona haya kuliuliza."

Suala lenyewe lilikuwa hili. Mama yake, ambaye ni muuza vitumbua, alipopata zamu yake ya upatu alimlipia kijana ada ya masomo ya mtandaoni. Juu ya ada hiyo, kila wiki humpa fedha kidogo ya kifurushi cha intaneti. Kijana alisoma miezi miwili, akaacha. Sasa umepita karibu mwaka. Mama akimuuliza masomo yanaendeleaje, humjibu, "Alhamdulillah, mama, yanaendelea." Na fedha ya kifurushi anaipokea mpaka leo. Alitaka kujua mambo mawili: je, fedha hizo ni deni juu yake? Na je, ajiandikishe tena?

Chuo alichosoma hatukitaji, kwani kosa halikuwa la chuo. Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili kwa wote, kwa sababu vijana wengi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, na hata watu wazima wenye kazi na familia, wanaingia katika masomo haya pasipo kujua yanataka nini kwao.

Elimu ya mbali si ngeni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba kusoma bila ya kukaa mbele ya mwalimu ni jambo lililozuka katika zama hizi. Wanazuoni wa hadithi walikwisha lizungumza karne nyingi zilizopita. Imam Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245 Miladia), alitaja njia nane za kupokea hadithi. Iliyo juu kabisa kwa wanazuoni wengi ni kusikia kutoka kinywani mwa sheikh. Miongoni mwa zilizobaki imo mukataba, nayo ni sheikh kumwandikia mwanafunzi aliye mbali. Ya mwisho ni wijada, yaani mtu kuyakuta maandishi ya mwanachuoni na kuyasoma bila ya kufundishwa wala kupewa idhini. Mukataba waliikubali, kwa sharti la mpokeaji kuwa na hakika kuwa barua imetoka kwa mwenyewe. Wijada waliiweka daraja ya chini.

Mizani hiyo yatufaa leo. Masomo yenye mwalimu anayejulikana, anayesahihisha kazi na kujibu maswali, na ambayo nyuma yake kuna chuo chenye ithibati, yanakaribia daraja ya mukataba. Ama mtu anayekusanya video za huku na huko katika simu yake, hiyo ni wijada. Manufaa huenda akayapata, lakini asijihesabu kuwa amesomeshwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ni kuhakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), au na NACTVET kwa vyuo vya ufundi. Ikiwa chuo ni cha nje ya nchi, tuulize TCU mapema kama shahada yake itatambuliwa hapa nyumbani. Wazee wetu waliuliza barua imetoka kwa nani, nasi tuulize cheti kinatoka kwa nani.

Hapa kwetu mfano mkubwa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao yake makuu yako Kinondoni na ambacho kina vituo mikoani. Kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Wakati huo mwanafunzi alitegemea zaidi vitabu vilivyochapwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010, njia ya mtandao ilipanuka. Na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hata wale waliokuwa wakiidharau njia hii walianza kuitazama kwa jicho jingine.

Neno lenyewe "huria" asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya uhuru. Mwanafunzi amepewa uhuru wa mahali na wa saa. Kazi ya kusoma imebaki vilevile, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Saa zihesabiwe kabla ya ada

Kijana wetu alituambia kwamba alipojiandikisha alidhani masomo haya ni mepesi, atayasoma kijiweni akisubiri abiria. Hebu tufanye hesabu. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya nchi yetu, krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha kusoma, kufanya kazi za darasani na kujiandaa kwa mitihani. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza kwa kawaida una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Tukizigawa kwa wiki 52, tunapata kiasi cha saa 23 kwa wiki, bila ya likizo hata moja.

Mwenye kazi ya kutwa, anayetoka Chamazi kabla ya jua kuchomoza na kurudi baada ya Isha, atazipata wapi saa 23? Lakini akiugawa mzigo huo, akasoma nusu yake kwa mwaka, zitabaki kiasi cha saa 12 kwa wiki, yaani saa mbili kila siku kwa siku sita. Shahada ya miaka mitatu itachukua sita. Huo ndio uhuru wa masomo haya: mtu anaruhusiwa kwenda kwa mwendo anaouweza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ni kidogo. Anayesoma saa mbili kila siku atafika. Anayesubiri apate siku nzima ya mapumziko hatafika, kwa sababu siku hiyo ikija huja na msiba, harusi au homa ya mtoto.

Muislamu ana ratiba aliyokwisha pewa: swala tano. Tunawashauri wanafunzi wazifunge saa zao katika swala. Baada ya Alfajiri ni wakati bora, kwani Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku, na hata mtandao wakati huo hauna msongamano mkubwa. Anayeshindwa alfajiri achukue baina ya Magharibi na Isha, kisha amalizie baada ya Isha. Aidha, apakue masomo yake mapema, kwani umeme hukatika na kifurushi huisha, na muda wa mwisho wa kupeleka kazi haumngojei mtu.

Upweke wa mwanafunzi

Tulimuuliza kijana ni lini hasa aliacha. Hakuweza kuitaja siku, na hilo halikutushangaza. Katika madrasa, mwanafunzi asipofika siku mbili mwalimu huuliza, na wenzake hutumwa nyumbani kwao. Katika masomo ya mtandaoni mtu anaweza kutoweka bila ya kuagwa. Kazi yake ya kwanza ilichelewa, akaona haya kumwandikia mwalimu. Ya pili ikamkuta hajaisoma ya kwanza. Baada ya hapo kila alipoliona jina la chuo katika simu alilipita haraka.

Mwenye kujiandikisha ajue kuwa upweke huu utamfika. Dawa yake ni kutafuta wenzake wawili au watatu wanaoishi jirani, wakutane mara moja kwa wiki. Misikiti yetu mingi ina vyumba vya madrasa vinavyokaa vitupu usiku. Kamati za misikiti zikivifungua kwa wanafunzi hawa, zikaweka taa na meza, zitakuwa zimefanya kheri kubwa. Na anayekwama amwandikie mwalimu siku hiyo hiyo, kwani ombi la wiki ya kwanza husikilizwa kwa wepesi kuliko udhuru wa mwezi wa tatu.

Kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Kahf kina mazingatio hapa. Alisafiri mbali kutafuta elimu kwa mja mwema, na kabla ya kuanza aliambiwa wazi kwamba subira itamshinda. Alikubali sharti la kutouliza, naye akalivunja mara tatu, hadi wakaachana. Ikiwa Mtume miongoni mwa mitume watukufu alipata uzito katika subira ya kujifunza, sisi tusione ajabu tukilemewa. Tunalotakiwa ni kuyajua masharti kabla ya safari.

Amana pasipo msimamizi

Mitihani ya mwisho katika masomo huria kwa kawaida huwa na usimamizi, lakini kazi nyingi za mwaka hufanywa nyumbani, hakuna anayemtazama mwanafunzi. Wapo wanaowalipa watu wawaandikie, na siku hizi wapo wanaoiachia akili mnemba iandike yote, kisha wakaweka majina yao juu. Kuitumia nyenzo ili kufahamu, kwa kadiri chuo kinavyoruhusu, hakuna ubaya. Kupeleka kazi isiyo yako kwa jina lako ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na wenye kughushi. Mkiri cheti cha namna hiyo ni mgonjwa atakayehudumiwa na asiyejua dawa, au mtoto atakayesomeshwa na asiyesoma.

Ihsani ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, ukijua kwamba hata usipomwona Yeye anakuona. Mwanafunzi aliye peke yake chumbani Yombo saa nne za usiku, mbele ya kazi ambayo angeweza kuinunua, yumo katika mtihani wa ihsani.

Jibu tulilompa kijana

Tulimwambia kwamba ada ililipwa kwa jambo lile lile ambalo mama alilikusudia, na kijana alianza kusoma kwa kweli. Kwa hiyo hatuioni kuwa ni deni la lazima, ingawa kumfidia mama ni katika wema. Ama fedha ya kifurushi aliyoipokea baada ya kuacha, hiyo ni habari nyingine. Mama aliitoa kwa ajili ya masomo, naye aliipokea kwa kauli ya uongo. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wameeleza kwamba fedha iliyotolewa kwa makusudio maalumu haigeuzwi matumizi. Hiyo airejeshe, hata kwa kidogo kidogo, au mama amsamehe akiwa anaujua ukweli. Msamaha wa mtu aliyefichwa jambo hautoshi.

Kuhusu kujiandikisha tena, tulimtaka kwanza aende kwa mama yake, kisha akae wiki nne akisoma saa mbili kila siku kitabu chochote cha fani anayoitaka, bila ya kulipa ada popote. Wiki hizo zikimshinda, fedha ya mama itakuwa imesalimika. Zikimwezekana, atakuwa ameipata nusu ya shahada kabla ya kuianza.

Alirudi baada ya Ijumaa mbili. Alisema mama alilia, kisha akamuuliza kama amekula. Wiki ya pili alikuwa ameikosa siku moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wazazi wanaojinyima ili watoto wao wasome. Wabillahi tawfiq.