Kadi ya Kijani na Kadi Nyekundu

Wanangu wa Lubumbashi, ninyi wa Katuba na Kenya, wa Ruashi na Kamalondo, sogeeni niwasimulie. Mwaka 1970 nchi hii ilipiga kura ya kumpata Rais. Mgombea alikuwa mmoja tu, Mobutu. Mpiga kura alikuta kadi za rangi mbili: ya kijani ilikuwa ya tumaini, yaani Mobutu, na nyekundu ilikuwa ya vurugu. Ulichukua yako watu wakikutazama. Kura za ndiyo zikapita milioni 10. Za hapana zikatangazwa kuwa 157. Hebu fikirini, kutoka Sakania hadi Matadi, waliosema hapana hawajazi madarasa manne ya shule zenu!

Je, wote waliobaki walimpenda? Wengi waliogopa. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila mtoto alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Hakukuwa na gazeti la kumkosoa Rais wala hakimu wa kumzuia. Mwaka 1980 wabunge 13 walithubutu kumwandikia barua ndefu ya kudai uhuru, wakakamatwa na kuteswa kwa ajili yake. Kati yao walikuwamo Étienne Tshisekedi wa Kasai, na Gabriel Kyungu wa hapa kwetu Katanga. Lishikeni jina hilo la pili.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu wakashangilia mapema mno. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei taa za chuo kikuu chetu cha Lubumbashi zilizimika, na watu wenye silaha wakaingia mabwenini kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ulipodaiwa uchunguzi wa kimataifa, Mobutu alikataa, na hadi leo hakuna hesabu ambayo wote wanaikubali. Mtawala asiyehojiwa anaweza kumuua mtoto wa mtu, kisha akamfuta hata kwenye hesabu ya wafu.

Sasa inakuja sehemu ambayo wakubwa wengi wa mji huu hawapendi kuisimulia.

Tangu zamani za Wabelgiji, kampuni ya shaba ya Union Minière iliwaleta watu wengi kutoka Kasai kufanya kazi huku. Walichimba na kuyeyusha shaba pamoja na wenyeji. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapahapa, wakacheza mpira na watoto wa jirani, wakala nao bukari na sombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kyungu akawa gavana wa jimbo, ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Mbele ya umati alihubiri kwamba Wakasai wamezichukua kazi za wenyeji na warudi kwao. Wakaitwa bilulu, wadudu. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, ulioitishwa baada ya chama kimoja kukoma, ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, na hasira zikalipuka. Vijana wa UFERI, chama cha Nguz na Kyungu, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza Wakasai.

Huko Likasi maelfu ya watu walirundikana kwenye stesheni ya reli wakisubiri treni ya Kasai. Walilala nje na vitu vichache walivyookoa, majuma hata miezi. Watoto waliugua, wengine wakafa kabla ya kufika. Na wengi walikuwa wanapelekwa "kwao" mahali ambapo hawajawahi kukanyaga.

Kyungu wa 1980 alikuwa jasiri, na sitamnyima sifa hiyo. Lakini Kyungu gavana aliwanyima majirani haki ileile aliyoteseka kwa ajili yake. Aliyefaidika ni Mobutu, kwa sababu raia waliopaswa kuungana kumng'oa walikuwa wakifukuzana wao kwa wao. Mtu anaweza kusema, watu wengi hapa walikubaliana na gavana. Inawezekana. Hata hivyo, mtaa mzima ukipiga kura ya kumfukuza jirani, kura hiyo ni batili. Wingi wa watu unaweza kumchagua kiongozi. Haumpi mamlaka juu ya nyumba na uhai wa mtu.

Katiba ya 2006 iliandikwa na watu walioyaona hayo. Ibara ya 30 inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka. Ibara ya 220 inakataza kubadilisha idadi na urefu wa mihula ya Rais. Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha naye akabaki, vijana waliandamana, na wengine waliuawa, hata hapa Lubumbashi. Aliondoka Januari 2019. Kisha Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa yule Étienne wa barua ya wabunge 13, alisema nchi inahitaji katiba mpya.

Mjadala huo ni wenu, maana ninyi ndio mtakaoishi na jibu lake. Ibara ya 45 inailazimu serikali kuifundisha katiba. Basi kesho mwombeni mwalimu aisome nanyi darasani, aanzie ibara ya 30, asiruke ile ya 220.