Birika Moja, Vijiji Kadhaa: Rekodi za Stima ya Jua Ukambani

Vyuo vikuu viwili vya Ulaya vilileta utafiti wao Kitui na Makueni, na mwaka 2012 vikawasha mitambo ya sola inayofaa kuingia kwenye vitabu vya rekodi. Mizani yetu leo ni birika la umeme la kilowati 2. Tupange washindi!

1. Mdogo kuliko wote: Ikisaya, Kitui
Kilowati 2.16, basi. Chomeka birika la chai na kituo kizima kimekwisha! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, pamoja na wenzao wa Kenya na India katika mradi wa Solar Transitions, walikuta maboma ya Ikisaya yametawanyika mno kuvutiwa nyaya. Wakageuza mambo: stima ikae mahali pamoja, taa ndizo zitembee. Mteja alikodi taa iliyojaa chaji, akalala nayo nyumbani, ikififia akairudisha kituoni. Simu zilichajiwa papo hapo. Mawakala nao wakazifikisha taa hadi vijiji jirani. Nionyeshe birika jingine lililowahi kuangaza eneo kubwa hivyo.

2. Paa lenye bidii kuliko yote: Kitonyoni, Makueni
Hapa ni kilowati 13.5, yaani mabirika sita, la saba likikosa kidogo. Timu ya Profesa AbuBakr Bahaj wa Chuo Kikuu cha Southampton iliinua paneli juu ya nguzo zikawa paa. Jua likiwaka, paa linazalisha stima ya maduka, shule, zahanati na makanisa. Mvua ikinyesha, paa hilohilo linakinga maji hadi tangini, na kwa Mkamba maji hayana mjadala. Usimamizi wa yote ulikabidhiwa ushirika wa wanakijiji wenyewe. Kwangu mimi, huyu ndiye bingwa wa orodha.

3. Safari ndefu kuliko zote
Kutoka Oslo hadi Ikisaya ni zaidi ya kilomita 7,000: Nairobi hadi Mombasa mara 14 na ushee. Chuo kikuu cha nyumbani, South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, kilipata hati yake mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya mitambo kuwashwa. Wageni walitangulia kwa pua.

4. Mzigo mzito kuliko yote: Mui, Kitui
Makaa ya mawe yanayokadiriwa kuwa tani milioni 400, yamelala chini ya ardhi. Pakia tani 4,000 kwenye kila treni ya mizigo ya SGR, tuma treni 10 kila siku bila kupumzika Jumapili, na utamaliza baada ya miaka 27. Ila hadi leo makaa hayo hayajawasha hata balbu moja, na Ikisaya yenye birika lake imeyashinda.

5. Mkubwa kuliko wote: jirani Garissa
Haki yake apewe. Mtambo wa sola wa Garissa una megawati 54.6 kwenye hekta 85, viwanja vya mpira zaidi ya 100. Hayo ni mabirika 27,300, au Kitonyoni zaidi ya 4,000! Lakini ulizinduliwa Desemba 2019. Kwa tarehe, Kitonyoni iliuacha nyuma kwa miaka 7.