Bingwa mwepesi akikutana na bingwa mzito, kichwani hutokea nini?

Kama nyumbani kwako kuna vijana wanaopenda ngumi, ubishi huu umeshausikia. Terence Crawford akipanda ulingoni na Oleksandr Usyk, nani atashinda? Mmoja atasema kasi, mwingine atasema uzito, na chai itapoa mezani hawajamaliza. Mimi si mchambuzi wa michezo, ila nililelewa na baba asiyekosa pambano redioni, hivyo ubishi wenyewe naupenda. Tatizo linaanza pale unapotoka mdomoni ukahamia mikononi.

Miezi michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 10. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mtoto huyu ana kaka yake wa miaka 14, na mjomba wao alikuwa amewanunulia glovu. Jumamosi mchana wakaamua kuumaliza ubishi uani: mkubwa awe Usyk, mdogo awe Crawford. Mdogo alijitahidi, hilo kaka yake mwenyewe alilikiri mbele yangu. Kisha likaja konde moja la pembeni, kwenye taya.

Hakuzirai. Alikaa chini kidogo, akainuka, akaenda kunywa maji. Jioni akatapika mara mbili, halafu akawa anarudia swali lilelile, leo ni siku gani. Kituo cha kwanza walikokwenda walimpa parasetamoli na kusema ni joto. Kwangu alifika Jumapili asubuhi, amejifunika macho kwa khanga ya mama yake kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza.

Niliwapima uzito wote wawili. Mdogo kilo 28, mkubwa kilo 42. Mama akasema, "Daktari, si kilo 14 tu?" Ni kweli, lakini hizo 14 ni nusu nzima ya uzito wa mdogo. Ukitaka tofauti kama hiyo kwa watu wazima, mchukue bingwa wa uzito wa welta, ambaye kikomo chake ni kilo 66.7, umpambanishe na mtu wa kilo 100. Hakuna anayeomba kibali cha pambano kama hilo, ila uani kwetu linapigwa kila wikiendi na hatusemi kitu.

Kwa nini uzito unapimwa kwa ukali

Huko chini, kwa mabondia wadogo, kati ya uzito wa flai na supa flai tofauti haifiki hata kilo moja na nusu. Watu huona ni urasimu, lakini sababu yake imo ndani ya fuvu.

Ubongo ni laini, karibu kama mtindi ulioganda, na umezungukwa na majimaji. Konde la taya huzungusha kichwa ghafla. Fuvu linatangulia, ubongo unachelewa kulifuata, na katika kuchelewa huko nyuzi za neva zinavutwa. Vivutwe zaidi vile vishipa vya damu vinavyotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando wake wa nje, vinaweza kukatika na damu ikaanza kujikusanya polepole.

Uzito unaingia hapo mara mbili. Kwanza, konde hubeba mwili ulio nyuma yake. Pili, breki ya kichwa ni shingo, na shingo ya mtu mwepesi huwa nyembamba. Mtoto ana hali ngumu zaidi, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na misuli ya shingo bado haijakomaa.

Historia ya ngumi imeshatufanyia majaribio haya. Oktoba 1909, huko Colma, California, bingwa wa uzito wa kati Stanley Ketchel alipambana na bingwa wa uzito wa juu Jack Johnson, aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 15. Raundi ya 12 Ketchel alimwangusha Johnson. Johnson akainuka, akampiga, na pambano likaishia hapohapo. Juni 1941 Billy Conn, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu mwepesi, alimsumbua Joe Louis kwa raundi 12 na alikuwa mbele kwenye karatasi za waamuzi wawili kati ya watatu. Raundi ya 13, zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, akaangushwa kwa KO.

Ninalolikumbuka zaidi kama daktari ni la Septemba 2016 jijini London. Kell Brook, bingwa wa welta, alipanda hadi uzito wa kati kumkabili Gennady Golovkin. Raundi ya tano kona yake ilirusha taulo. Mfupa unaozunguka jicho lake la kulia ulikuwa umevunjika, akafanyiwa upasuaji. Waliomlaumu kocha kwa kurusha taulo mapema wangekaa siku moja tu kwenye wodi ya macho.

Crawford, ndiyo, Septemba 2025 alipanda hadi kilo 76.2 akamshinda Canelo Alvarez kwa pointi. Vijana watakutajia hilo, na wana haki. Lakini mtu huyo ana ujuzi wa miaka mingi, alijenga mwili kwa ajili ya daraja hilo, na kando ya ulingo kulikuwa na madaktari. Mwanao ana glovu na mjomba.

Wala usidhani kwamba uzito ukilingana hatari imekwisha. Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya welta kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kwa jeraha la kichwa baada ya pambano la Las Vegas. Uzito unapunguza hatari moja tu kati ya nyingi.

Kofia nayo isikudanganye. Inazuia michubuko na kuchanika usoni, lakini haizuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu. Ndiyo sababu moja chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na kile cha Kanada mwaka 2011 vilitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kwa watoto na vijana. Najua kwetu klabu za mitaani zinawaokoa vijana wengi na mambo mabaya, na sitakuambia umtoe mwanao kesho. Nakuambia umuulize kocha maswali mawili: anawapanganishaje, na mtoto akipigwa kichwani nani anaamua kwamba mazoezi yameisha? Akikujibu kwamba wavulana lazima wazoee, mchukue mwanao muondoke. Ukisikia pia kwamba mtoto anashindishwa bila maji ili apungue kilo, usingoje maswali.

Akipigwa kichwani

Mtoe mchezoni siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa. Mpeleke hospitali mara moja kama amezirai, ametapika zaidi ya mara moja, amepata degedege, maumivu ya kichwa yanazidi, anaongea visivyoeleweka, mkono au mguu umelegea, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au damu na majimaji vinatoka puani au masikioni. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Parasetamoli inatosha.

Kuna bibi wengi wanaokesha wakimtingisha mtoto asilale. Akishaonwa na daktari na kuruhusiwa, alale. Unachotakiwa kujua ni kama anaamka kawaida. Mtoto asiyeamshika ni dharura.

Huyu wa kwangu tulimpiga picha ya CT, na damu haikuwepo. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo, ambao picha hiyo kwa kawaida haiuonyeshi. Tulimlaza usiku mmoja. Siku mbili za kwanza nyumbani alipumzika, bila simu wala televisheni, kisha akaanza kutembeatembea na kurudi shuleni nusu siku. Wiki ya kwanza mwalimu alilalamika kwamba anasoma mstari mmoja na kuusahau. Nilimwandikia barua mwalimu, kwa sababu mtoto wa namna hii huchapwa kwa uvivu ambao si wake. Konde la pili kabla ubongo haujapona ndilo linaloniogopesha kuliko yote, hivyo glovu mama alizifungia kabatini.

Wiki ya nne walirudi. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma, na mstari alikuwa anausoma hadi mwisho. Kaka yake alikuja pia, akakaa kimya karibu na mlango. Mdogo akanipa shikamoo, kisha akaniuliza lini atarudiana naye.

Nikamwambia apande kwanza kwenye mizani. Kilo 28 na nusu.