Kununua Boti Iliyotumika: Karatasi Kwanza, Pesa Baadaye

Anayenunua boti au injini ya wizi huweza kupoteza mali na pesa pia. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, asiye mwenye mali kwa kawaida hawezi kumpa mwingine umiliki, hata mnunuzi akilipa kwa nia njema.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi wa Dunga afike na muuzaji katika ofisi ya BMU ya ufuo ambako boti imesajiliwa. Jina lililo kwenye kitambulisho lilingane na la usajili, na nambari ya injini ilingane na risiti. Madeni yaliyowekewa injini dhamana hutafutwa katika sajili ya mali inayohamishika kupitia eCitizen.

Makubaliano yaandikwe: majina, nambari za vitambulisho, za boti na za injini, bei, tarehe, sahihi na mashahidi. Kila upande ubaki na nakala.

Muuzaji naye ahakikishe jina limebadilishwa. Boti ikinaswa na nyavu haramu, anayetafutwa kwanza ni aliye kwenye daftari. Mnunuzi amwone afisa wa uvuvi kuhusu leseni kabla ya kuingia ziwani.