Surya Bonaly na Majaji wa Barafu

Ukisimama kilimani Salaita kabla mawingu hayajapanda, barafu unaiona kwa macho yako, ile iliyosalia kileleni mwa Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka wa Kenya na Tanzania. Barafu ya mashindano tuliifuata mbali zaidi: Februari 12, 1998, huko Nagano, Japani, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 za skii, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye utepe, akamkumbatia. Kisa hicho tumekisimulia sana.

Siku nane baadaye, Nagano hiyo hiyo, mwanamke mweusi wa Ufaransa aliingia uwanjani. Huyu hatumsimulii, na mimi naona ndiye mwenye kisa kizito zaidi.

Surya Bonaly alizaliwa Nice mwaka 1973, akalelewa na wazazi waliomchukua kuwa mtoto wao. Alipitia jimnastiki, ndiyo maana aliruka juu kuliko wengi wa rika lake katika mchezo wa kuteleza kisanii kwenye barafu. Alitwaa ubingwa wa Ufaransa mara 9, na wa Ulaya mara 5 mfululizo, 1991 hadi 1995. Ubingwa wa dunia ndio uliomponyoka: fedha mwaka 1993, fedha 1994, fedha 1995.

Boit alihukumiwa na saa, na saa haijui sura ya mtu. Surya alihukumiwa na majaji, kila mmoja akitoa alama mbili zisizozidi 6.0: moja ya ufundi, nyingine ya usanii. Miruko yake ilikuwa vigumu kuibishia. Usanii ndio uliopunguzwa, na usanii ni ladha ya anayetazama.

Mwaka 1994, katika mashindano ya dunia huko Chiba, Japani, alishindwa na mwenyeji Yuka Sato kwa kura 5 za majaji dhidi ya 4. Akagoma kupanda jukwaa la washindi. Alipovutwa akapanda, aliivua medali shingoni huku analia, watazamaji wakimzomea. Utovu wa adabu? Labda. Lakini jaji mmoja tu angegeuza kura, dhahabu ingekuwa yake.

Alifika Nagano baada ya kukatika kano ya kisigino mwaka 1996, na medali haikuwa tena ndani ya uwezo wake. Basi akapiga samasoti ya kinyumenyume, iliyopigwa marufuku tangu miaka ya 1970, na kutua kwa mguu mmoja. Majaji wakamkata alama; akamaliza wa 10 na kuachana na mashindano.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024. Surya alikuwa na miaka 50.