Uhai wa Kale katika Majina ya Kiswahili: Kutoka Asilisaurus hadi Mtoto

Utangulizi

Msimu wa mvua unapoingia, mkazi wa Uthiru hulazimika kukwangua viatu vyake kabla ya kupanda matatu ya kuelekea mjini. Udongo mwekundu unaomng'ang'ania umetokana na miamba ya volkeno, iliyomwagika ikiwa uji wa moto katika enzi za kuumbika kwa Bonde la Ufa, kisha ikachakaa taratibu kwa mvua na jua. Kwa kipimo cha binadamu, hayo ni mambo ya kale mno. Kwa kipimo cha dunia, yenye umri wa takriban miaka milioni 4,500, ni mambo ya juzi tu. Anayetaka kujua yaliyotangulia udongo huu hana budi kutazama miamba ya kwingineko, na masalia ya viumbe yaliyogeuka mawe, yaani visukuku.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uhai ulivyobadilika kwa kuwafuata viumbe wachache wa Afrika Mashariki waliopewa majina ya Kiswahili. Tunadai kwamba majina hayo, yakipangwa kwa umri, yanasimulia sehemu muhimu ya historia ya uhai. Hata hivyo, yakisomwa bila maelezo, yanaweza kumpotosha hata mjuzi wa lugha.

Jinsi majina yanavyoundwa

Jina kamili la kisayansi la spishi ya mnyama huwa na maneno mawili: la kwanza hutaja jenasi na huanza kwa herufi kubwa, la pili hutaja spishi na huandikwa kwa herufi ndogo. Maneno hayo yanaweza kutokana na lugha yoyote, lakini kila moja sharti liandikwe bila nafasi ndani yake. Ndiyo sababu kirai kizima cha Kiswahili huweza kushikanishwa kikawa neno moja, kama tutakavyoona.

Majina kwa mpangilio wa umri

Takriban miaka milioni 252 iliyopita, uhai ulikumbwa na maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana. Wataalamu wengi huyahusisha na milipuko ya volkeno katika Siberia. Aina nyingi mno za viumbe wa baharini zilitoweka, na za nchi kavu vilevile. Waliosalia walipata nafasi ya kuenea. Miongoni mwa wazawa wao alikuwa Asilisaurus kongwe, aliyeishi takriban miaka milioni 240 iliyopita katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Tanzania. Jina lake lilitangazwa mwaka 2010. Neno "asili" limeunganishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi, kisha likafuatwa na "kongwe". Alikuwa jamaa wa karibu wa dinosaria.

Katika bonde la Rukwa, pia nchini Tanzania, miamba ya takriban miaka milioni 100 iliyopita imetupa viumbe wengine wawili. Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019, alikuwa dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu. Mtuka ni mto ambapo mifupa yake ilipatikana, na "moyo wa mkia" ni kwa sababu pingili fulani ya mkia wake ina umbo la moyo. Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010, alikuwa jamaa wa mamba mwenye ukubwa wa paka. Tofauti na mamba wa leo, aliishi nchi kavu na meno yake ya nyuma yaliweza kukata na kusaga chakula mithili ya meno ya mamalia. Sehemu ya pili ya jina humuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kikubwa kilianguka katika eneo la Mexico ya leo. Dinosaria wakaangamia, isipokuwa ndege, ambao ni wazawa wao. Mamalia wakajaza nafasi zilizoachwa wazi. Takriban miaka milioni 22 iliyopita, magharibi mwa Kenya, alitamba Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama aliyemzidi simba kwa ukubwa. Visukuku vyake vilichimbuliwa Meswa Bridge kati ya mwaka 1978 na 1980, vikakaa kwa miongo kadhaa katika droo ya Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, hadi Matthew Borths na Nancy Stevens walipovieleza mwaka 2019.

Wa mwisho ni wa jamii yetu wenyewe. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, kulipatikana mifupa ya mtoto wa umri wa karibu miaka mitatu aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Mwili ulilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na dalili zaonyesha kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto. Watafiti walimwita Mtoto. Hilo si jina la kisayansi, kwani spishi yake ni Homo sapiens, kama msomaji wa makala haya.

Kufanana si kuwa ndugu

Hapa ndipo jina linapoweza kumpotosha mjuzi wa lugha. Simbakubwa hakuwa simba. Alikuwa wa kundi jingine la wala nyama, ambalo limekwisha kutoweka lote. Mababu wa mbali wa jamii ya paka, ambayo simba ni mmojawapo, waliingia Afrika kutoka nje ya bara hili. Vivyo hivyo, Pakasuchus hakuwa na undugu wa karibu na paka. Waliowapa majina walitumia tashbihi: walitazama ukubwa, meno na umbo.

Tashbihi hizo zina mafunzo. Maisha yanayofanana huweza kuunda miili inayofanana katika koo zilizo mbalimbali. Mla nyama mkubwa alihitaji meno ya kukatia nyama, awe wa ukoo wa simba au asiwe. Nafasi katika mazingira hubaki, wenye kuijaza hubadilika.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili hulielewa neno Simbakubwa papo hapo, jambo ambalo msomaji wa London haliwezi bila kamusi. Lakini maelezo ya kuwa mnyama huyo hakuwa simba yaliandikwa kwa Kiingereza, na huyo wa London ndiye anayeyafaidi. Lugha yetu imetoa majina, nasi tumeachiwa maelezo. Maneno ya kuanzia tunayo: visukuku, spishi, jenasi, tabaka, mageuko. Kinachohitajika ni kuyatumia katika sentensi kamili, mara kwa mara, hadi mtoto wa Uthiru aweze kushuka matatu karibu na Makumbusho, asome jina, na aambiwe kwa lugha iyo hiyo lilichomaanisha na kile ambacho halikumaanisha.