Mimba ya mapacha inavyoficha kisukari

Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya saa nne, mwalimu mwenzangu anayefundisha darasa la tatu aliletewa fanta mbili katika chumba cha walimu. Ana mimba ya mapacha, na sasa yuko wiki ya 22. Mwalimu mkuu ndiye aliyezinunua, akatania kwamba kila mtoto lazima apate ya kwake. Tulicheka wote. Kisha nikamwomba yule binti chupa moja, nikairudisha dukani, jambo ambalo halikunipatia marafiki siku ile.

Nina sababu zangu. Mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 38, mimi pia nilibeba mapacha, na kidogo nisijue kwamba nilikuwa nimebeba na kisukari.

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi waliyopewa wazazi wetu waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Nilisoma huko hadi nikawa mwalimu, na mwaka 2009 nikarudi nyumbani Burundi na mume wangu, tukaishi Rumonge. Kule makazini habari za mimba tulizipata kwa akina mama wazee. Shangazi yangu alibeba mapacha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tumbo lilikuwa kubwa kupita kiasi, usiku aliamka mara tano au sita kwenda chooni, na alikunywa maji kama mtu aliyeshinda akilima juani. Kila aliyemwona alisema, "Ni mapacha hao." Alijifungua kabla ya wakati, na mmoja alitoka akiwa amekwisha kufariki.

Sitasema kwamba ilikuwa sukari. Hakuna aliyempima, na mimba ya mapacha ina hatari nyingine nyingi. Nasema tu kwamba maneno yale yale aliyoambiwa yeye niliambiwa na mimi, karibu miaka 30 baadaye, tena na mtu aliyevaa koti jeupe.

Ilikuwa katika kituo kimoja cha afya, mimba ikiwa na miezi mitano na nusu. Nilieleza kiu, nikaeleza uchovu, nikaeleza safari za chooni. Muuguzi alichovya kijiti katika mkojo, akakitazama, akasema, "Sukari hakuna, mama. Umebeba wawili, ulitaka uchoke kama aliyebeba mmoja?" Niliondoka nimeridhika. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kijiti cha mkojo hakitoshi kutoa jibu kwa mjamzito. Mwenye sukari nyingi katika damu anaweza asioneshe kitu kwenye mkojo, na mwingine mzima kabisa akaonesha, kwa kuwa figo wakati wa mimba huachia sukari kwa urahisi zaidi. Jibu liko katika damu.

Ndugu msomaji, kisukari cha mimba si ugonjwa unaoletwa na kula pipi. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, hutoa homoni ambazo hupunguza nguvu ya insulini ya mama, ili sukari ibaki katika damu na kumfikia mtoto. Kwa kawaida kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi, na mambo yakaenda. Likishindwa kuongeza, sukari hupanda. Aliyebeba mapacha ana kondo mbili, au moja kubwa, kwa hiyo homoni hizo huwa nyingi zaidi, na kongosho ni lile lile moja. Ndiyo maana tafiti nyingi, ingawa si zote, zimekuta kisukari hiki mara nyingi zaidi kwa wenye mapacha, na hatari inaongezeka kwa wenye watoto watatu. Tena umri unaingia hapo: mwanamke wa miaka 35 na kuendelea hupata mapacha kwa urahisi zaidi kuliko binti wa miaka 20, na umri huo huo ndio unaoongeza kisukari.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna mapacha wanavyokificha. Kwa mwenye mtoto mmoja, mkunga anaweza kushtuka akiona tumbo limepita miezi yake, au mtoto amekuwa mkubwa mno, au maji ya uzazi yamezidi. Kwa mwenye mapacha tumbo limekwisha pita miezi yake tangu mwanzo, na hakuna anayeuliza. Watoto nao wanabanana, kwa hiyo ni mara chache kumkuta mmoja wao na kilo nne. Kila dalili ina jibu lililo tayari, na jibu hilo ni "mapacha".

Mimi niliokolewa na swali moja. Nilikuwa nimekwenda Bujumbura kufanyiwa ekografia ili ijulikane kama watoto wanachangia kondo moja. Daktari, mzee wa makamo, alimaliza kazi yake, akafuta ile jeli, na katika kuandika akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenu kuna mwenye kisukari?" Nikamwambia mama yangu mzazi. Akaweka kalamu chini.

Kesho yake asubuhi nilirudi bila kula wala kunywa chai. Walinitoa damu, wakaninywesha gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji, kitu kitamu cha kuchefua, wakanitoa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2013, mjamzito huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba akifikia 0.92 kabla ya kula, au 1.80 baada ya saa moja, au 1.53 baada ya saa mbili, kwa hesabu ya gramu kwa lita ambayo maabara zetu hutumia. Kimoja tu kinatosha. Mimi nilikuwa na 1.06 kabla ya kula na 1.71 mwishoni. Kipimo hiki hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mapema zaidi kwa mwenye mzazi mgonjwa kama mimi.

Nyumbani vita ilikuwa chakula. Mama mkwe, ambaye alinipenda mno kwa sababu ya wajukuu hao, alikuwa akinipikia uji wa sukari asubuhi, ugali wa muhogo mchana mlima mzima, na jioni tena. "Unakula kwa watatu, mwanangu," alisema. Nilipoanza kupunguza ugali alilia kweli kweli, akidhani nawanyima watoto wake. Na hakukosea kabisa. Mwenye mapacha hatakiwi kujinyima: aliyeanza mimba na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongeza kilo 17 hadi 25 hivi. Ilinibidi nimweleze kwamba chakula hakipungui, kinabadilishwa. Ugali ukawa ngumi moja, maharage yakaongezeka, ndagala, lengalenga, yai, parachichi. Badala ya milo miwili mikubwa nikala mara sita kidogo kidogo. Sukari ya chai na fanta vikatoka. Baada ya kula nilitembea hadi ufukoni na kurudi.

Yalisaidia, lakini hayakutosha. Lengo lilikuwa chini ya 0.95 asubuhi na chini ya 1.20 saa mbili baada ya kula. Asubuhi yangu ilikataa kushuka. Nikaanza sindano za insulini, ambayo haivuki kondo kumfikia mtoto. Friji hatukuwa nayo. Mume wangu alichukua chungu kikubwa na kidogo, akajaza mchanga katikati, akawa anaumwagia maji asubuhi na jioni, na dawa ikakaa ndani ya kile kidogo, chini ya kitambaa chenye unyevu. Kilichotuumiza zaidi ni vijiti vya kipima sukari, ambavyo bei yake kwa mwezi ilikula sehemu nzuri ya mshahara wa mwalimu. Tangu mwaka 2006 kujifungua katika hospitali za serikali ni bure hapa kwetu, na Mungu awabariki waliolifikiria hilo, lakini vijiti hivyo tulijinunulia.

Wiki ya 33 uchungu ulianza mapema. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo madaktari walinichoma sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Sindano hizo hupandisha sukari ya mama kwa siku kadhaa, na kwa aliye na kisukari ambacho hakijajulikana hakuna anayeona. Yangu ilifika 2.40. Kwa kuwa walijua, waliongeza insulini na kunipima usiku kucha. Uchungu ulitulia.

Bukuru na Butoyi walizaliwa wiki ya 35 kwa upasuaji. Bukuru alikuwa na kilo 2.2, Butoyi 1.9. Mtoto aliyezoea sukari nyingi ya mama huendelea kutengeneza insulini baada ya kitovu kukatwa, na sukari yake yeye inaweza kuanguka ghafla. Ya Butoyi ilianguka. Alikuwa amelegea, hataki kunyonya, na mtu asiyejua angesema ni njiti, amechoka tu. Walimtoboa kisigino, wakaona, wakamnywesha maziwa yangu ya kwanza kwa kikombe kidogo, na baadaye wakampa maji ya sukari kwa mshipa. Siku ya tatu alinyonya mwenyewe. Leo yuko shuleni kwetu na ndiye msumbufu wa darasa.

Kisukari changu kilitoweka baada ya kujifungua, kama kinavyofanya kwa wengi, lakini niliambiwa nirudi kupima baada ya wiki sita na kisha mara kwa mara, kwa sababu aliyewahi kukipata ana hatari kubwa mno ya kupata kisukari cha kudumu baadaye. Mama mkwe bado anamdai Ciza wake, yule anayefuata mapacha. Nimemwambia umri umekwenda.

Yule binti wa darasa la tatu amenisamehe ile fanta. Baba yake ana kisukari. Nilimuuliza swali la yule daktari. Muuguzi alimwambia kipimo ni wiki ya 24, lakini nimemshauri tusisubiri, na Jumanne tunakwenda pamoja kwa basi la saa kumi na mbili. Kuanzia saa nne usiku hatakula kitu. Mimi nitabeba mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya maji, ya baada ya kutolewa damu ya mwisho.